Je, nafuu ya alama katika udahili hupunguza bidii?

Mwalimu, umeuliza kama kuwapunguzia wasichana wa Rungwe alama za kuingia chuoni kusomea sayansi kutawalegeza wakiwa bado sekondari. Hofu yako naielewa, lakini ushahidi wa Marekani unaelekea kwingine. Vyuo vya Texas, vilivyozuiwa na mahakama kuzingatia rangi na asili ya mwombaji, utaratibu unaowapa nafuu weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), mwaka 1996, viliruhusiwa tena mwaka 2003, na watafiti waliofuatilia shule za sekondari wakaona pengo la alama kati ya wanafunzi weupe na wenzao weusi na Walatino likipungua. Naamini ni kwa sababu mtoto anayeona kwamba chuo kinafikika hupata sababu ya kukesha na vitabu. California, ambako wapiga kura waliupiga marufuku utaratibu huo mwaka 1996, vijana weusi na Walatino walisukumwa kwenye vyuo vyenye uwezo mdogo na wachache zaidi wakahitimu.

Binti aliyepata daraja la pili katika shule isiyo na maabara hajakosa bidii hata kidogo. Ninachosisitiza, tena kwa nguvu, ni kwamba nafuu hiyo iambatane na mafunzo ya awali ya hisabati na fizikia kabla ya mwaka wa kwanza. Tafadhali wahimize waombe.