Kabla ya kuanza fiziotherapia: kazi kubwa iko nyumbani

Wiki ina saa 168. Ukihudhuria fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo kwa mazoezi) mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, unakaa na mtaalamu saa moja na nusu tu. Zinazobaki zote uko peke yako na goti lako, bega lako au mgongo wako. Wanaokuja wakidhani watalazwa kitandani wakandwe mpaka wapone huvunjika moyo mapema. Kukandwa hutuliza maumivu kwa muda, lakini msuli haupati nguvu kwa kukandwa. Unaipata kwa kufanya kazi, siku baada ya siku.

Siku ya kwanza usitegemee mazoezi mengi. Utaulizwa maumivu yalianza lini, yanazidi ukikaa au ukitembea, yanakuamsha usiku au la. Kisha kiungo kitapimwa kinakunjika nyuzi ngapi, na msuli una nguvu kiasi gani. Vaa nguo itakayoacha sehemu hiyo wazi: bukta kwa goti, fulana isiyo na mikono kwa bega. Beba majibu ya eksirei, karatasi za upasuaji kama ulifanyiwa, na orodha ya dawa zote. Sema wazi kama una ujauzito, una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana kuna tiba zinazofaa kwa wengine lakini kwako ni hatari.

Ukiulizwa lengo lako, "nataka kupona" haimsaidii mtaalamu. Mwambie unachoshindwa: kupanda ngazi bila kushika ukuta, kuchuchumaa, kufikia rafu ya juu. Mazoezi hupangwa kufuata hilo.

Maumivu ndiyo huwachanganya wengi. Yapime kwa namba, 0 mpaka 10. Kwa matatizo mengi ya misuli na viungo, maumivu yasiyozidi 3 au 4 wakati wa zoezi, yanayorudi hali ya kawaida kesho yake, si dalili ya kuumia. Msuli ambao haukuzoea kazi pia huweza kuuma kwa siku mbili tatu. Hayo ni maumivu mazito yaliyoenea kwenye nyama yenyewe. Yanayochoma ndani ya kiungo, au yanayoambatana na uvimbe mpya asubuhi, ni habari nyingine: kipimo kilikuwa kikubwa. Punguza marudio au uzito, umweleze mtaalamu, lakini usiache kabisa. Kosa baya zaidi ni kuruka siku nne kisha kufidia zote siku moja.

Zoezi la seti 3 za marudio 10 likifanywa haraka haraka hupoteza maana, kwani mwendo wa kasi hubeba mguu badala ya msuli kuubeba. Hesabu mpaka tatu ukipandisha, tatu ukishusha.

Baada ya upasuaji wa kubadilisha goti, usilale na mto chini ya goti. Unaleta nafuu, ndiyo, lakini goti linazoea kukaa limekunjwa, na kulinyoosha baadaye ni mateso. Viringisha taulo uiweke chini ya kisigino, goti lishuke lenyewe. Fimbo ya kutembelea ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si upande unaouma, na kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na fimbo.

Wiki za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuuamsha msuli. Msuli wenyewe kukua huchukua wiki 6 mpaka 12, na bega lililoganda (lililokakamaa na kuuma) laweza kuchukua zaidi ya mwaka. Kuacha baada ya mara ya tatu kwa kuwa "haisaidii" ni kuondoka kabla tiba haijaanza kufanya kazi.

Kuna dalili zisizongoja siku ya miadi. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukafa ganzi katikati ya mapaja, shavu la mguu likavimba na kuuma ghafla, au ukabanwa kifua na kukosa pumzi, nenda idara ya dharura saa hiyo hiyo.