Gari inachemsha kwenye foleni tu, tatizo nini?

SWALI: Habari fundi, mi nina Corolla NZE ya 2003, nikiwa naenda Morogoro mshale wa temperecha umetulia kabisa, ila nikirudi Dar nikikwama kwenye foleni ya Ubungo unapanda mpaka juu. Fundi wa mtaani katoa themostati (kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto) akasema ndo ugonjwa, bado inachemsha, na maji ya bomba naongeza kila mara. Nisaidie injini isije ikafa. (Msomaji, Kimara)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Gari ikiwa mwendoni upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta inayopoza maji ya injini, ikisimama inategemea feni, sasa kama barabara kuu iko poa na foleni inachemsha, wa kwanza kushukiwa ni feni. Washa injini, washa AC, fungua boneti uangalie kama feni inazunguka. Isipozunguka kagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya feni), zikiwa nzima chomoa soketi ya feni uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikizunguka vizuri basi mota nzima tafuta shida kwenye waya au sensa ya joto, ikigoma au ikizunguka kichovu badili mota. Mulika pia na tochi kati ya kondensa ya AC (ile inayofanana na rejeta, iko mbele yake) na rejeta, vumbi na wadudu wanajaa pale upepo haupiti.

Themostati irudishwe, tafadhali. Haya mazoea ya kuitoa kila gari ikichemsha yananiuma, maana bila hiyo injini inachelewa kufika joto lake, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe uko palepale.

Maji kupungua kagua mahosi, wota pampu na mfuniko wa rejeta, mpira wake ukichakaa presha haikai na maji yanachemka mapema, mpya ni bei ndogo tu. Maji ya bomba acha, yanaleta kutu na chumvi inayoziba rejeta, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Ila usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, yataruka yakuunguze!

Kisha asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko uwashe gari. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha, au oili kwenye dipstiki ikiwa kama chai ya maziwa, hapo gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, usiiendeshe hata mpaka gereji, ivutwe.