Saa Nane ya Zahanati na Saa Nane ya Mama

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi kijijini, mkoani Pwani, nami ninaishi Mbagala. Hivi karibuni alipimwa katika zahanati ya huko, akakutwa na malaria na kupewa vidonge 24 vya dawa mseto. Nilipokwenda kumjulia hali wiki mbili baadaye, nilikuta vidonge vinane vimefungwa kwenye pindo la khanga yake. Akanieleza kuwa homa ilishuka siku ya pili, hivyo akaviweka akiba kwa ajili ya wajukuu. Isitoshe, dozi ya kwanza alipewa saa nne asubuhi palepale zahanati, na ya pili akaimeza saa nane mchana. Mama si mjinga, alisoma ngumbaru, na bahasha ya dawa aliisoma mwenyewe. Watu wazima wa vijijini waelezwe vipi mambo ya afya hata wayaelewe? – Msomaji, Mbagala.

JIBU: Marahaba. Tuanze na vile vidonge vinane, kwa kuwa haviwezi kungoja: visipewe mjukuu yeyote, kwani dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake, na homa ya mtoto si lazima iwe malaria. Mama naye asivimalizie sasa. Homa ikimrudia, aende akapimwe upya na aeleze kwamba alikunywa mseto na hakuumaliza, maana kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kupona, na mhudumu asiyeijua habari hiyo anaweza kupotoka.

Sasa nirudi kwenye saa nane, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha barua yako. Dozi ya pili ya mseto humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, yaani mama aliyeanza saa nne asubuhi alipaswa kumeza tena saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zilizofuata, vidonge vinne kila mara. Lakini katika lugha yetu saa nane ni muda wa kusubiri na pia ni saa ya ukutani, na mtu aliyeambiwa kwa haraka, dirishani, huku foleni ikimsukuma mgongoni, atashika ile anayoijua tangu utotoni. Ndivyo ilivyo pia kwa maandishi ya 2x3 tunayoyaandika juu ya bahasha: sisi tunamaanisha vidonge viwili kutwa mara tatu, ilhali mwanafunzi wa ngumbaru alifundishwa kwamba mbili mara tatu ni sita. Kwa hiyo mama yako alisoma sawasawa kabisa. Aliyekosea ni aliyeandika, na hapo ninajihesabu mimi na wenzangu.

Mama yako huenda anaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kutumia redio na ambayo ilishirikisha watu wapatao milioni mbili. Watu hawakugawiwa makaratasi na kuachwa waende zao, bali walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakabishana, kisha wakaamua nani achimbe choo na nani afyeke majani yaliyozunguka nyumba. Mtu mzima huelewa jambo anapolisema mwenyewe, na mabango tunayobandika siku hizi kwenye kuta za zahanati hayampi nafasi ya kusema chochote.

Basi safari ijayo mama akipewa dawa, omba mumhusishe mhudumu wa afya wa kijijini au ndugu anayekaa naye, na mmoja wenu amwombe aeleze kwa maneno yake atakunywa vipi, si kwa kumtahini bali kwa kusema, "Mama, nami nataka kujua, hebu niambie walivyokueleza." Dozi zifungamanishwe na siku yake badala ya saa: moja baada ya adhana ya alfajiri pamoja na chai ya maziwa, nyingine baada ya magharibi pamoja na wali wa nazi, kwa kuwa mseto hufyonzwa vizuri zaidi mwilini ukimezwa na chakula chenye mafuta. Aelezwe pia sababu ya kumaliza: homa hushuka vimelea vinapopungua, wala si lazima viwe vimekwisha, na vile vilivyosalia huzaliana upya.

Ukimpigia simu jioni usimwulize kama amemeza dawa, maana atakujibu "ndiyo mwanangu" ili ulale kwa amani. Mwulize vimebaki vingapi.