Pepa moja dola 35, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma masters hapa Dodoma, utafiti wangu ni ubwiri unga kwenye zabibu, shamba langu la mfano liko Hombolo. Kila nikitafuta Google Scholar napata pepa nzuri, nikibofya naambiwa nilipe dola 35 kwa pepa moja, na hela ya bando yenyewe naungaunga. Alafu juzi imekuja emeili, jarida fulani watachapisha kazi yangu ndani ya siku 5 nikituma dola 150, mwenzangu anasema hayo ndo majarida huria yenyewe nitume tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ndo la haraka, usitume hiyo hela. Jarida la kweli linapeleka kazi yako kwa wataalamu wawili watatu wa fani yako, wanaisoma, wanairudisha na maswali, unarekebisha, hiyo ni miezi kabisa, siku 5 hazitoshi hata kumpata wa kuisoma. Huria maana yake msomaji halipi, basi. Azimio la Budapest la mwaka 2002 kuhusu machapisho huria lilisema hivyo, pepa isomwe, ipakuliwe na isambazwe bure, halikusema isikaguliwe.

Ni kweli yapo majarida huria yanayotoza mwandishi na ni ya heshima, hata Nature, jarida kubwa la sayansi linalosomwa kwa kulipia, walitangaza mwaka 2020 euro 9,500 kwa pepa moja ukitaka iwe huria, na yapo mengi yasiyotoza hata senti, kwa hiyo ada peke yake haikuambii kitu. Ingia DOAJ, ile orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund kule Sweden mwaka 2003, andika jina la jarida, utaona kama limo na kama linatoza. Likiwa la kweli na linatoza, omba msamaha wa ada, wachapishaji wengi wanawasamehe au kuwapunguzia waandishi wa nchi kama yetu, ila omba pale pale unapotuma kazi, usingoje ikubaliwe.

Sasa hizo dola 35. Nenda maktaba ya chuo chako uulize paswedi ya Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia. Ndani yake kuna AGORA, ya kilimo, iliyoanza 2003 chini ya FAO, na Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi chochote. Inaniuma sana nikikutana na mtu anamaliza masters hajawahi kusikia hilo jina, na paswedi ipo kwa mkutubi ghorofa ya chini. Pili, weka Unpaywall, kiprogramu cha bure, kwenye brauza ya laptopu, ukifungua pepa iliyofungwa yenyewe inakutafutia kama kuna nakala halali ya bure mahali pengine, mara nyingi ni hazina ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi. Na usiidharau AJOL, tovuti iliyoanza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, majarida ya Afrika tu, utakuta na ya kilimo ya SUA humo.

Ikishindikana kote mwandikie mwandishi mwenyewe. Emeili yake iko pale juu kwenye muhtasari, na hiyo dola 35 yeye haipati hata shilingi, inaenda kwa mchapishaji, kwa hiyo wengi wanafurahi kuona kuna mtu anawasoma. Mistari mitatu inatosha, wewe ni nani, unasoma nini, unaomba pepa ipi. Mimi nimewahi kuandika saa nne usiku, asubuhi PDF ipo.

Na ukichapisha ya kwako, soma mkataba kabla ya kusaini, majarida mengi yaliyofungwa yanakuruhusu kuweka toleo lililokubaliwa, yaani lile ulilokwisha rekebisha kabla jarida halijalipanga, kwenye hazina ya chuo, mengine baada ya miezi 12 hivi. Weka. Mwenye shamba lako la Hombolo na bwana shamba wake nao wanatumia simu, watumie linki.