Anza na daftari la watu wawili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeniuliza mradi gani utakufundisha vizuri jinsi blokicheni, yaani daftari la pamoja la miamala lililoungwa kama mnyororo wa bloku, inavyoongezewa uwezo wa kubeba miamala: rolapu (miamala huchakatwa nje, kisha hurudishwa kwenye mnyororo kwa mafungu), shadi (mnyororo hugawanywa vipande), au chaneli za malipo. Chukua chaneli.

Unalikumbuka daftari la mkopo la bibi yako dukani? Mwalimu wa jirani asubuhi mkate, jioni sukari. Bibi anaandika, mwalimu anatia sahihi pembeni. Mshahara ukitoka, analipa mara moja tu. Chaneli ndiyo hiyo. Bitcoin, blokicheni ya sarafu ya kidijitali, hutoa bloku moja, yaani furushi la miamala, kila baada ya dakika 10 hivi, na humudu miamala kama 7 kwa sekunde. Waliotaka bloku kubwa walijitenga mwaka 2017 na Bitcoin Cash, bloku za megabaiti 8. Mimi sikuwaafiki: bloku zikinenepa, kompyuta ya mtu wa kawaida inashindwa kukagua hesabu yote, na ukaguzi huo ndio uhai wa mfumo. Joseph Poon na Thaddeus Dryja, katika andiko lao la 2016 kuhusu Lightning, mtandao wa chaneli hizi, waliyaacha malipo madogo nje ya mnyororo. Muamala mmoja wa kufungua, mmoja wa kufunga. Katikati mnalipana hata mara elfu.

Ugumu uko hapa: je, mmoja akileta ukurasa wa zamani, ule ambao deni lake lilikuwa dogo? Kila mnapokubaliana salio jipya, mnakabidhiana siri ya salio lililopita. Anayerusha la zamani kwenye mnyororo husubirishwa kupata fungu lake, na mwenzake mwenye ile siri anawahi kuchukua fedha zote. Kaa na jambo hili mpaka uweze kumweleza mdogo wako.

Usiguse pesa halisi. Sakinisha Bitcoin Core, programu ya kuendesha Bitcoin, kwenye kompyuta yako, iwashe kwa regtest, mnyororo wako binafsi ambamo unajitengenezea bloku wakati wowote. Kwanza andika programu ifungue chaneli, ibadili salio mara tatu, ifunge. Usiongeze kitu kingine mpaka hilo likubali. Kisha geuka mwizi: rusha salio la kwanza, uone kama programu yako inamkamata.

Hizo rolapu zitakuja. Katika zile ziitwazo optimistic utakuta nako kuna muda wa kusubiri ili mdanganyifu apingwe, na hautakuwa mgeni kwako.

Ukikwama kwenye sahihi, nitumie msimbo wako usiku, nakuwa macho.

Baba yako