Mlango unaogoma alfajiri: majibu kwa wasomaji wenye magari

SWALI. Mafundi, jambo yenu. Nina Toyota Corolla ya 1999. Tangu Juni ianze, mlango wa dereva nikiusukuma alfajiri unagonga tu na kurudi, haushiki. Naenda kazini nimeufunga kwa kamba. Saa sita mchana unafunga vizuri kama hakuna kilichotokea. Kwenye garaji moja wanataka kusogeza chuma cha kwenye nguzo ya bodi, kile ambacho mlango unakishika ukifungwa. Jirani ananiambia nitie mawese, na mke wangu anamwagia maji ya moto. Nimsikilize nani? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU. Papa, kwa hili usimsikilize hata mmoja. Anza na lile la garaji, maana ndilo la gharama. Mlango uliokaa upande hauangalii saa: usipofunga alfajiri, hata mchana hautafunga. Wako unafuata jua, kwa hiyo ugonjwa uko kwenye grisi. Ukisogeza kile chuma cha nguzo leo, utapata mlango unaopiga kelele mchana na bado unagoma asubuhi.

Ndani ya kitasa, ile serire iliyo kwenye ukingo wa mlango, kuna kulabu inayozunguka na kijino kidogo kinachoizuia isirudi. Kijino kinasukumwa na springi nyembamba. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka zaidi ya ishirini ikila vumbi jekundu la kiangazi, inakuwa kama gundi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Si baridi ya kutengeneza barafu mlangoni, lakini inatosha kuikaza gundi hiyo hadi springi ishindwe kukirudisha kijino. Kulabu inazunguka, haikamatwi, na mlango unarudi. Jua likipanda, gundi inalegea.

Hakikisha kwanza. Alfajiri, mlango ukiwa wazi, sukuma kulabu kwa turnevisi (bisibisi) kuelekea upande inakozunguka mlango unapofungwa. Kitasa kizima hulia mara mbili, «ta, ta», kisha kulabu inabaki ndani. Chako kitakuwa kimya na kulabu itarudi yenyewe. Jaribu tena mchana usikie tofauti. Tahadhari: kulabu ikikamatwa, vuta mkono wa mlango uiachie kabla hujaufunga. Wengi husahau, kulabu iliyofungwa ikagonga chuma cha nguzo, na hapo ndipo kitasa kinapovunjika kweli.

Kazi yenyewe haitaki kuvua mlango wala kungoja fundi. Tafuta degripa ya kupuliza, yaani dawa ya kulegeza vilivyokwama, WD-40 kwa mfano, au nusu glasi ya petroli ya taa na bomba la sindano la mililita 10. Siyo esanse ya kutia kwenye gari: mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, na inakula rangi. Weka kitambaa chini ya kitasa, maana kitakachotoka ni tope jeusi, na hutaki lifike kwenye rangi wala kwenye raba. Ingiza dawa kupitia mwanya wa kulabu, ukielekeza ndani kabisa kwenye kijino. Ngoja dakika 15. Kisha funga kulabu kwa turnevisi na uiachie kwa mkono wa mlango, mara 30 hivi, ukisugua kwa mswaki wa zamani. Rudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Mara tatu huwa zinatosha; kitasa cha gari lililokaa barabara za migodi kinaweza kutaka tano.

Wengi huishia hapo, wakarudi kulalamika baada ya wiki mbili. Degripa inayeyusha uchafu na kufukuza maji, lakini hailainishi kwa muda mrefu. Acha kitasa kikauke nusu saa, kisha tia grisi nyeupe ya lithiamu: kiasi cha punje moja ya haragi kwenye kulabu, na kupuliza kidogo sana ndani kwenye kijino. Usiongeze kwa huruma. Grisi nyingi, hasa ile nzito ya chini ya gari, hukusanya vumbi, na Juni ijayo utakuwa palepale.

Sasa mawese. Jikoni kwako asubuhi ya baridi, yako hali gani ndani ya chupa? Yameganda. Hivyo ndivyo yatakavyoganda kwenye springi. Mafuta mengine ya kupikia hayagandi upesi, lakini hugeuka utomvu kadiri miezi inavyopita. Maji ya moto nayo yanalegeza grisi kwa dakika chache, halafu yanaacha kutu ndani, na kioo baridi kinaweza kupasuka.

Kuhusu kamba, ni bora uingie kwa mlango wa upande wa pili kuliko kuendesha ukiwa na mlango usiokamatwa. Ukigongwa, kamba haizuii kitu.

SWALI. Mlango wangu wa nyuma haufunguki kwa ndani, kwa nje unafunguka. Na ufunguo wa mlango wa dereva unaingia kwa shida. Nibadilishe vitasa vyote viwili? (Msomaji wa Himbi, Goma)

JIBU. Usinunue kitu bado. Fungua mlango wa nyuma utazame ukingoni: kuna kidude kidogo cha kuwazuia watoto wasifungue. Kikisukumwa, mkono wa ndani haufanyi kazi, na mara nyingi mtu anayeosha gari hukigusa bila kujua. Kama hakijafungwa, waya au fimbo inayotoka kwenye mkono wa ndani imechomoka, na kitasa chenyewe ni kizima, maana kwa nje kinaitika.

Ufunguo ni habari ya vumbi la makoro, yale mawe meusi ya volkano, ambalo lina makali na linasaga shaba ya ndani. Hapo usitie grisi wala mafuta ya motere; yatafanya tope. Puliza hewa ya kompresa, kisha sugua ufunguo pande zote kwa penseli laini, uingize na kuutoa mara kumi. Unga mweusi wa penseli ni grafiti, unateleza bila kushika vumbi.

SWALI. Nikiosha gari jioni, asubuhi raba za milango zimeshikamana na bodi, nikivuta kwa nguvu zinachanika. Nimepaka Vaseline, sasa zimevimba. (Mama wa Kadutu, Bukavu)

JIBU. Mama, Vaseline inatokana na petroli ghafi, na raba za milango huinyonya na kulegea. Zioshe kwa maji ya sabuni, uzikaushe vizuri pamoja na bodi pale zinapogusa, kisha pitisha kitambaa chenye silikoni ya kupuliza, au gliserini ya famasi, tabaka jembamba tu. Rudia kila baada ya miezi miwili. Zilizokwisha kuvimba hazirudi. Ukinunua nyingine, beba kipande kilichokatwa cha raba ya zamani, ulinganishe umbo lake pale kilipokatwa, maana raba inayozidi ya zamani kwa unene wa milimita mbili itaufanya mlango ugome kufunga hata wakati wa joto.