Shaba 29, zinki 30: majirani kwenye jedwali, maadui kwenye mashua yako

Usipigilie hata karatasi moja ya shaba. Kama nyundo ushaishika, iweke chini, soma kwanza, kisha unitukane ukitaka.

Kwa wasioliona swali: mwenzetu yuko Lamu, ana mashua ya futi 28 iliyoundwa Matondoni. Mbao zimeshikwa kwa misumari ya chuma iliyochovywa zinki, bawaba za usukani ni za chuma, na nyuma amepachika mashine yenye mguu wa alumini. Amechoshwa na wadudu wanaotoboa mbao, sasa anataka kuivisha mashua karatasi za shaba kuanzia mkuku hadi mstari wa maji, na azipigilie kwa misumari ya zinki iliyombakia. Anauliza unene wa karatasi, idadi yake, rangi ya kupaka juu, na bamvua (yale maji makuu) lipi zuri la kuipweleza, yaani kuikalisha nchi kavu. Wasiwasi wake kuhusu kutu ushatulizwa na muuzaji dukani: shaba ni elementi ya 29, zinki ni ya 30, majirani kwenye jedwali, "haziwezi kugombana".

Hilo la majirani nami niliuziwa, kaunta nyingine, uhakika ule ule. Sijui nani alianza kulieneza, lakini mtu huyo ningependa kumpandisha chombo kilichopigiliwa kwa ushauri wake, tumtoe nje ya mwamba wakati kaskazi imechacha, halafu atusomee jedwali lake tukimsikiliza kutoka ufukweni. Mtu anayeuza bolti kwa kilo hana dhambi akisema hajui. Dhambi ni kusema anajua.

Namba ya elementi ni idadi ya protoni ndani ya kiini cha atomu, basi. Haisemi nani anapatana na nani. Undugu wa tabia kwenye jedwali hutazamwa wima: chini ya shaba kuna fedha (47) na dhahabu (79), na zote tatu ni metali za sarafu na vito zisizo na haraka ya kuharibika. Zinki iko safu nyingine kabisa, pamoja na kadimiamu na zebaki. Na hata huo wima usiutegemee sana, maana zinki ukiitia kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa inatoa mapovu mpaka iishe, ilhali zebaki ya safu hiyo hiyo inakutazama tu. Jedwali litakwambia kitu ni nini. Nani atamla nani baharini, uliza volti.

Volti za maabara ni hizi: magnesiamu −2.37, zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34. Aliye chini zaidi ndiye anayeliwa. Kati ya hao "majirani" wawili kuna volti 1.10. Mwaka 1836 Mwingereza John Frederic Daniell alitumia zinki na shaba hizo hizo kutengeneza betri, na betri hiyo ikaja kuendesha telegrafu. Kwa hivyo unachotaka kuunda hapo ni betri ya futi 28, uipakie watu, uende nayo Kizingitini.

Sasa tazama kinachotokea msumari wa zinki ukipita kwenye karatasi ya shaba. Kichwa cha msumari kinaikandamiza shaba, metali kwa metali, hiyo ndiyo waya. Maji ya chumvi yamezunguka pande zote, hiyo ndiyo asidi ya betri. Zinki inaachia elektroni, zinakimbilia kwenye shaba, na huko oksijeni iliyo ndani ya maji inazipokea. Jinsi shaba ilivyo pana ndivyo inavyopokea oksijeni nyingi zaidi, na mzigo wote unaangukia vichwa vidogo vya misumari. Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanadhani shaba nyingi na chuma kidogo ni afadhali, kumbe ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kipande kidogo cha shaba kwenye bamba kubwa la chuma kingesumbua polepole. Mita za mraba za shaba juu ya vichwa vya misumari vya ukubwa wa kucha ni mauaji.

Ganda la zinki kwenye msumari uliochovywa vizuri ni mikroni 50 hivi, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Ile misumari inayong'aa kama kioo imepakwa kwa umeme, na ganda lake ni mikroni 5 hadi 12 tu. (Unataka ule wa kijivu, uliofifia, wenye mikwaruzo na madonge. Ukiupenda kwa macho, huo si wa baharini.) Ganda likiisha, zamu ni ya chuma. Mkondo wa ampea moja kwa mwaka mzima unakula chuma kilo 9 na kitu. Chukua sehemu ya kumi yake, miliampea 100, ni gramu 900 na ushei kwa mwaka. Msumari ukiwa na gramu 15, hiyo ni misumari 60 imekwenda. Na haiendi sawasawa, inaanza na ile iliyo karibu na mkuku ambako maji hayakauki.

La kutia uchungu ni kwamba huoni kitu. Karatasi inabaki nzuri, imekuwa kijani kidogo, watu wanaipiga picha. Vichwa vinayeyuka chini yake. Kutu ya chuma ina asidi, inaoza na mbao iliyouzunguka msumari, ubao unakuwa mweusi na laini kiasi cha kuingiza ncha ya kisu bila kusukuma. Siku ubao unapofunguka hakuna cha kupigilia tena, kwa sababu tundu limekuwa pana kuliko msumari wowote.

Hili si jambo jipya. Meli ya kivita ya Uingereza, HMS Alarm, ilivishwa shaba mwaka 1761. Ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, misumari ya chuma ilikuwa imelika vibaya kila mahali ilipogusa shaba, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kaki iliyofungia shaba ilisahaulika katikati. Na usinijie na wazo la kutandika lami au kitambaa chini ya shaba. Msumari wako unapita katikati ya karatasi, kichwa kinaigusa kutoka juu. Umetandika zulia, mlango uko wazi.

Najua utakalosema: basi nitafunga vipande vya zinki, vilike badala ya misumari. Mwaka 1824 Humphry Davy alifanya hivyo kwenye shaba ya meli za Uingereza, na shaba kweli ikaacha kulika. Ikaacha pia kufanya kazi. Shaba inazuia viumbe kwa sababu inayeyuka kidogo kidogo na sumu yake inawafukuza. Ukiizuia isiyeyuke, magamba na majani yanaota juu yake kama kawaida. Kwa hivyo ama shaba inakula misumari yako, ama zinki inaizima shaba uliyoilipia. Chagua hasara.

Shaba ni halali kwenye chombo kinachoundwa upya, chenye misumari ya shaba iliyogongewa kofia za shaba, bolti na bawaba za bronzi (shaba na bati), na hakuna chuma chini ya maji. Chombo chako si hicho.

Kuna atakayekushauri utumie skrubu za brasi "maana nazo ni shaba". Brasi ya dukani kwa kawaida ni shaba na zinki, na zinki yake mara nyingi huzidi theluthi. Tunarudi kwa wale majirani, safari hii wamelala chumba kimoja. Zinki ikipita asilimia 15 hivi, bahari inaichomoa na kuacha shaba yenye vitundu kama sponji. Ikate skrubu iliyokaa muda chini ya maji: pembeni au moyoni mwake utaona rangi ya waridi badala ya manjano, na ukiipinda inakatika bila kelele. Stenlesi nayo inategemea oksijeni ili ngozi yake ya kromiamu isimame. Ile ya daraja la 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na ndiyo inayostahimili chumvi kuliko 304, lakini ndani ya mbao iliyolowa, ambako oksijeni haifiki, hata hiyo inachimbika. Na ikigusana na chuma chako, stenlesi ndiyo shaba mpya. Usifurahie sumaku kutoshika, haikutofautishii 304 na 316.

Kwa hivyo kanuni ni moja, na ningeiandika kwenye ubavu wa kila mashua kama ningeruhusiwa: CHINI YA MAJI, METALI AINA MOJA. Una chuma kilichochovywa zinki? Kila unachoongeza chini kiwe chuma kilichochovywa zinki. Zinki yenyewe ndiyo mgeni pekee anayekubalika, kwa sababu analika yeye.

Kujua ulipo sasa hivi, tafuta mita ya mafundi stima, weka kwenye volti 2 za betri. Mashua iwe inaelea. Chukua kipande cha zinki safi, kifunge kwa waya, kiteremshe nusu mita ndani ya maji kisiguse chombo. Waya mweusi wa mita kwenye zinki hiyo, mwekundu kwenye bolti ya mkuku au bawaba ya usukani baada ya kuikwangua ing'ae. Ikisoma karibu na sufuri, ganda la zinki bado lipo. Chini ya 0.25, chuma kinalindwa. Kati ya 0.33 na 0.43, chuma kiko peke yake, kinapata kutu kwa mwendo wake wa kawaida. Ikipanda mpaka 0.5 na zaidi, kuna shaba au stenlesi imegusa mahali, itafute. Shaba peke yake husoma karibu 0.7. Dakika tano, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana na mita.

Zinki ya kulinda ifungwe kwa bolti kwenye metali iliyokwanguliwa, kisha mita ukiiweka kwenye ukinzani isome karibu sufuri. Usiipake rangi. Wapo wanaoipaka rangi ili ipendeze, wapo pia wanaofurahi kwamba "zinki yangu ina mwaka haijalika". Zinki isiyolika haijaungwa, ni uzito tu. Ikifika nusu, ibadilishe. Usichukue ya jua kali iliyoyeyushwa kutoka maganda ya betri kuukuu ndani ya karai la chuma: zinki ya moto hula lile karai, na chuma kikipita asilimia 0.005 ndani yake, uso unaganda na kuacha kutoa mkondo. Magnesiamu ni ya maji matamu, huku itaisha kabla hujaizoea. Na zisiwe nyingi. Ukiona unga mweupe wenye utelezi kwenye vichwa vya bolti kwa ndani na mbao inachambuka nyuzi nyuzi, zinki zimezidi, upande wa chuma unatoa alkali inayolainisha mbao. Punguza moja.

Wadudu? Rangi ya chini yenye oksidi ya shaba, juu ya rangi ya msingi iliyofunika vichwa vyote vya misumari. Mguu wa alumini wa mashine usiipate kabisa, uachie pengo la sentimita mbili na nusu, na wenyewe upakwe rangi ya aina isiyo na oksidi ya shaba. Ama rudi kwa deheni ya wazee, shahamu na chokaa, kila unapopweleza. Haina volti hata moja. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari, haikuwahi kuumwa ugonjwa huu.

Unene wa karatasi sikujibu kwa sababu hununui. Rangi ya juu sina habari, paka hata ya waridi. La bamvua, wenye kuishi na maji hapo watakwambia kuliko mimi.

Kama shaba ushanunua, irudishe ikiwa haijakatwa, au iuze kwa mafundi wa vyombo vya nyumbani. Kama karatasi mbili tatu zishapigiliwa, zing'oe bamvua hili hili, ng'oa na misumari yake, usiirudie, kisha pima bawaba na uweke hapa mita imesoma ngapi.